Jimu ya kuanzia

Dada uliyeuliza kama ujiunge jimu ilhali hujawahi kushika hata chuma: jiunge, ila usilipe mwaka mzima kwanza. Nyingi zinakubali malipo ya siku moja. Nenda saa ileile utakayokuwa unakwenda siku zote. Ukienda saa nne asubuhi utaikuta tupu, kumbe jioni watu wakitoka kazini mashine ya kukimbilia ina foleni.

Mwangalie kocha. Akikuuliza habari za presha, magoti na mgongo kabla hajakupa chuma, huyo anajua kazi. Akikubebesha kilo nyingi siku ya kwanza ati "mwili ushtuke", aga uondoke.

Anza na siku 3 kwa wiki, zisifuatane: kuchuchumaa na kusimama bila uzito, kuvuta, kusukuma, kisha kutembea harakaharaka. Misuli itauma zaidi siku ya pili au ya tatu, usitishike. Kiungo kikichoma ghafla, acha hapohapo. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama huko kutembea harakaharaka. Utazifikia taratibu.

Na wale vijana wa mbele ya kioo wasikutishe, wanajitazama wenyewe.