Piano ya kusimama: vibonyezo vikishuka havirudi

Mkuu, umeuliza kwa nini vibonyezo vya piano ya kwaya yenu hapo Tanga vinaganda chini wakati wa masika, na kama mnaweza kupulizia WD-40 (mafuta ya kopo). Msipulizie kabisa! Felti (kitambaa kizito cha sufu kilichomo ndani ya piano) na mbao hunywa mafuta, vumbi linanasa humo, na yakifika kwenye ubao ulioshika misumari ya nyuzi, piano haitunzi tena tyuni.

Chanzo ni unyevu. Mbao na felti zimevimba, sasa mtafute ni wapi. Ondoeni ubao wa mbele. Sukuma nyundo kwa kidole hadi karibu na uzi, iachie, linganisha na ya jirani. Kisha inua na kuachia kipande kinachokalia mkia wa kibonyezo. Kimoja kati ya hivyo viwili kikirudi kivivu, ubovu uko kwenye mtambo, yaani nyundo na vipande vinavyozisukuma. Vyote vikirudi upesi, uko kwenye kibonyezo chenyewe.

Kama vinaganda kadhaa vilivyo pamoja, angalieni kwanza ule ubao mwembamba ulio mbele ya vibonyezo. Ukivimba huvibana. Legezeni skrubu, wekeni kipande cha kadi nyuma yake, basi. Sarafu na penseli zilizodondokea humo nazo hufanya hivyohivyo.

Kikiganda kimoja, kitikise kushoto na kulia. Lazima kicheze kidogo sana. Kisipocheza, toeni mtambo (fungueni vifungo vya juu, uvuteni kwenu polepole) kisha inua kibonyezo kwenye pini ya katikati na kukiachia: kinatakiwa kiteremke kwa uzito wake. Kisiposhuka, bana kidogo kitambaa kilichomo kwenye tundu la pini kwa koleo la kazi hiyo, bila kulazimisha, maana mbao pale ni nyembamba na hupasuka. Pini yenye kutu isuguliwe kwa stili wuli laini, vibonyezo vikiwa vimetolewa. Nambari 1 hadi 88 kwa kawaida zimegongwa juu ya vibonyezo; kama zimefutika, andikeni upya kabla ya kutoa hata kimoja.

Ubovu ukiwa kwenye mtambo, bawaba zake ndizo zenye kazi. Pini ya kila bawaba ni ya milimita 1.27 hivi, imezungukwa na bushi, yaani kipande cha felti kinachoishika. Changanyeni maji sehemu 1 na spiriti sehemu 3, mdondoshe tone moja kila upande wa bushi, mwache ikauke hadi kesho yake. Felti ikilowa hujibana kwenye pini, ikikauka hubaki imelegea. Spiriti isiguse vanishi, huiyeyusha. Ikigoma hata baada ya mara ya pili, pini itolewe na bushi ipanuliwe, na hapo mwiteni fundi.

Halafu isogezeni piano mbali na ukuta wa nje na dirisha.