Mapovu ya maji yanayochemka si haidrojeni wala oksijeni

Mkuu, umesema kijana wako wa kidato cha kwanza anabisha kwamba mapovu ya maji yanayochemka ni haidrojeni na oksijeni, wewe unaona ni hewa, na mmeshindwa kuelewana. Usimcheke. Mimi nilijibu kama yeye kwenye mtihani nikapigwa mkasi, na sikujua nimekosea wapi mpaka nilipoanza kushinda kibandani kwa mjomba, fundi wa kuchaji betri za magari.

Pale kulikuwa na mapovu ya aina mbili: ya birika la chai, na ya betri zilizokaribia kujaa chaji. Kwa macho huwezi kuyatofautisha. Lakini birika lilikaa juu ya mkaa unaowaka na hakuna aliyejali, wakati mtu akisogea kwenye betri na sigara mjomba anamfukuza kwa matusi. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza.

Molekuli moja ya maji ni atomu mbili za haidrojeni zilizoshikana na moja ya oksijeni. Huo ni mshiko wa ndani, na ni mgumu. Halafu kila molekuli inavutana na jirani zake, mvutano dhaifu zaidi, ndio unaofanya maji yawe kimiminika badala ya kutawanyika. Moto wa jiko unakata huo wa majirani tu. Povu linalopanda kutoka chini ya sufuria ni molekuli nzima nzima za maji zilizoachana, yaani maji yaleyale katika hali ya gesi. Funika sufuria, uone matone chini ya mfuniko. Na kama kweli ingekuwa haidrojeni na oksijeni, nani angethubutu kuchemsha uji kwenye mkaa?

Kuachanisha majirani hao si kazi ndogo. Kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 100 inahitaji kilojuli (kipimo cha nishati) kama 420, lakini kuigeuza yote kuwa mvuke inataka nyingine 2,260 hivi. Ndiyo maana maji yakishachemka, kuchochea moto hakupandishi joto lake. Yanakauka haraka tu. (Wanaojaza mkaa ili maharage yaive upesi, mnanisikia?) Ndiyo maana pia mvuke unaunguza vibaya kuliko maji ya moto: ukigusa ngozi unarudi kuwa maji na kukuachia mzigo wote ule.

Kwenye betri, ambayo nayo ina maji ndani, umeme unavunja mshiko wa ndani. Molekuli inapasuka, zinatoka gesi mbili, haidrojeni na oksijeni, ambazo si maji tena, na cheche moja inatosha kuzirudisha pamoja kwa mlipuko. Betri za kufungua vifuniko zinaongezwa maji ya betri kwa sababu hiyo: sehemu ya yale ya mwanzo imevunjwa ikapotea.

Wewe nawe hukukosa yote. Vile vipovu vidogo vinavyoganda kwenye kuta za sufuria kabla maji hayajachemka ni hewa kweli, iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji. Maji ya moto hayawezi kubeba hewa nyingi kama ya baridi, kwa hiyo inatoka mapema. Yale makubwa yanayofuata ndiyo mvuke.