Jibu: GCC haioni GMP, MPFR na MPC

Ndugu, unajenga Linux From Scratch (LFS, mfumo wa Linux unaoujenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo), na unasema awamu ya kwanza ya kompaila ya GCC inakwama kwenye configure (hatua ya kuandaa ujenzi), ikidai maktaba za hesabu inazozihitaji, GMP, MPFR na MPC, hazipo ilhali umeshazipakua. Kuzipakua hakutoshi. Fungua kifurushi cha kila moja ndani ya folda ya msimbo wa GCC, kisha zipe folda hizo majina gmp, mpfr na mpc tu, bila namba ya toleo. GCC ikizikuta hivyo huzijenga yenyewe.

Usiendeshe configure humo humo kwenye msimbo: tengeneza folda build, ingia, uandike ../configure na vigezo vyako. Kwa kuwa umeshajaribu mara kadhaa, futa folda nzima ya GCC ufungue kifurushi upya. Mabaki ya jaribio la zamani huzaa makosa yasiyoeleweka.

Tafadhali, kabla ya make install (amri ya kusakinisha) yoyote andika echo $LFS, ikuonyeshe folda ya mfumo mpya. Ikitoka tupu, simama. Ukiwa root (msimamizi mwenye mamlaka yote), glibc, maktaba kuu ya C, inaweza kufunika ile ya mfumo unaoutumia sasa, na kompyuta isiwake tena. Awamu hii ifanye kwa akaunti ya kawaida.

Make ikikatika kwa neno Killed, mara nyingi RAM imekwisha: shusha -j4 hadi -j1 (idadi ya kazi zinazoendeshwa kwa pamoja), au ongeza swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM).

Jaribio la kuunganisha programu lisubiri glibc isakinishwe. Hapo kompaili programu tupu, kisha angalia kipakiaji (ld-linux) inachokiomba:

readelf -l a.out | grep ld-linux

Kwenye x86_64 lazima uone /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Ukiona njia nyingine, usiendelee; rudia kuanzia binutils (zana za kuunganisha programu).