Mnaoniuliza kuhusu kuishi Tripoli

Nimefanya kazi ya uuguzi Tripoli, Libya, tangu 2013. Maswali ni mengi na yanafanana. Leo najibu matano.

Nimepata kazi hospitalini Tripoli. Nyumbani wananiambia huko ni vita tu. Ni kweli? (Muuguzi, Tanga)

Mdogo wangu, siku nyingi Tripoli ni foleni za magari, watoto na mabegi ya shule, na vijana waliosimama na vikombe vya kahawa mitaa ya Gargaresh. Kisha siku moja, saa mbili usiku, mtaa mmoja unawaka. Mtaa wa pili watu wanaendelea kununua mkate.

Sababu yake ni kwamba tangu Gaddafi aanguke mwaka 2011 hakuna jeshi moja lenye kauli. Kila eneo lina kikosi chake, na vikosi vikikosana vinamalizana katikati ya nyumba za watu. Agosti 2023 kamanda wa Brigedi ya 444 alikamatwa na kikosi pinzani cha Rada katika uwanja wa ndege wa Mitiga. Vita ile haikufika hata siku mbili, lakini walikufa watu 55. Tarehe 12 Mei 2025 aliuawa Abdel Ghani al-Kikli, mkuu wa kikosi chenye ngome yake Abu Salim, na usiku ule ule risasi zikaanza. Uchaguzi uliotazamiwa kutuliza mambo, wa tarehe 24 Desemba 2021, haukufanyika.

Kwa hiyo usimuulize mwajiri kama Libya ni salama. Muulize utalala mtaa gani, na nyumba iko umbali gani na kambi, gereza au Mitiga. Mimi nilihama nyumba nzuri ya bei nafuu kwa sababu ukuta wa nyuma ulipakana na kambi. Chagua chumba au korido isiyo na dirisha, na siku za utulivu weka humo godoro, maji, tochi na dawa zako. Milio ikianza, usipande darini kuchungulia. Hata milio ya harusi ikimbie, maana risasi iliyopigwa juu lazima itue mahali.

Mume wangu ni fundi umeme huko. Nikisikia habari za mapigano nampigia, simu haipatikani. Nifanyeje? (Mke, Mombasa)

Pole, dada. Nimeuguza watu wengi huku, na najua wa nyumbani anaumia kuliko aliyepo. Mtandao hukatika na umeme ukikatika minara huzimika, kwa hiyo simu kuzima haina maana kwamba amepatwa na jambo. Mwambie awe na laini mbili, ya Libyana na ya Al-Madar, na akupe namba ya jirani au ya mfanyakazi mwenzake. Muwekeane neno moja la ujumbe mfupi, kama "niko ndani", ambalo atalituma kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Nawe ujue jina la mtaa wake. Ukisikia Ain Zara na yeye anakaa Janzour, ni mbali.

Mshahara ni kwa dinari. Nitatumaje nyumbani? (Mhandisi, Arusha)

Malizana na jambo hili kabla hujasaini. Dinari ina bei mbili, ya benki na ya sokoni karibu na mnara wa saa, Souq al-Mushir. Aprili 2025 Benki Kuu ilishusha thamani ya dinari hadi 5.5677 kwa dola moja, na sokoni dola ilikuwa ghali zaidi ya hapo. Mara nyingine benki hazina noti, na mwenye fedha kwenye akaunti anapanga foleni tangu alfajiri kama asiye nazo. Mkataba uandike sehemu ya mshahara italipwa kwa dola au yuro, nje ya Libya. Ahadi ya mdomo usiipokee.

Rafiki ananiita nipitie Sudan hadi Libya, nifanye vibarua Tripoli kisha nivuke kwenda Ulaya. Unasemaje? (Kijana, Kampala)

Mwanangu, usije. Nakusihi.

Sheria namba 19 ya 2010 inamfanya aliyeingia bila kibali kuwa mhalifu, na adhabu yake ni kufungwa. Oktoba 2021 vikosi vilivamia Gargaresh na kukamata zaidi ya watu 5,000 kwa siku chache, wakiwemo akina mama wenye watoto. Julai 2019 kituo cha kuzuilia wahamiaji cha Tajoura kilipigwa bomu kutoka angani, wakafa 53 waliokuwa wamefungiwa. Na hao ni waliofika mjini. Jangwani walanguzi huuza watu kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kisha hupigia simu mama zao wadai fidia.

Hata sisi wenye kazi rasmi, rangi yetu inatutangulia. Nimeitwa mtumwa mchana kweupe nikiwa na sare ya hospitali. Kadi yangu ya ukaazi haitoki mwilini hata nikienda kutupa taka. Wewe utaonyesha nini?

Kama una ndugu ambaye tayari amekwama, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lina ofisi Tripoli na hurudisha makwao wanaotaka kurudi.

Mambo yakiharibika, mtu anatokaje? Na majirani wakoje? (Mwalimu, Zanzibar)

Pasipoti ukae nayo mwenyewe. Mwajiri wangu wa kwanza alinifungia yangu sandukuni, na 2014 uwanja mkubwa wa ndege ulipoteketea vitani sikuweza kwenda popote. Sasa ndege zinatumia Mitiga. Uwanja huo ukifungwa, watu huenda Misrata, kama kilomita 200 mashariki. Magharibi kuna mpaka wa Ras Ajdir wa kuingilia Tunisia, lakini nao ulifungwa miezi kadhaa mwaka 2024. Jua njia zote mbili, na uwe na nauli ya dola mkononi.

Majirani, bibie, ndio walionikalisha. Vita vya 2019 vilipoanza Aprili, mama wa ghorofa ya chini alinigongea akaniambia nishuke nilale kwao, na nikalala huko wiki tatu. Ijumaa walipika bazin, ugali wa shayiri unaowekwa katikati ya sinia, mchuzi na nyama ukiuzunguka, na kila mtu anamega upande wake. Waliponiona namega bila kufundishwa walicheka hadi machozi. Eid ile niliwapikia mahamri, na mpaka leo watoto wake hunidai kila mfungo unapoisha.