Mtandikie mkeka, umwache apige mateke

Wadogo zangu wakienda Kiboriloni kuuza mitumba, watoto wao hubaki kwangu hapa Majengo. Wote huniuliza: hivi akili za mtoto zinaanza lini? Hakuna siku ya kuanza. Akili haishuki nzima kichwani. Inatokea pale mguu, jicho, mkono na sauti ya mama vinapokutana na kuitikiana.

Tazama miguu. Mtoto mchanga ukimshika wima nyayo zikagusa kitanda, anapiga hatua. Miezi miwili hivi anaacha, na bibi anaanza kusema miguu imelegea. Mwaka 1984 mtafiti Esther Thelen na wenzake kule Marekani waliwashika watoto wachanga wima, miguu ikiwa ndani ya maji, hatua zikaongezeka. Miguu ilikuwa imenenepa haraka kuliko misuli ilivyopata nguvu. Maji yalipoibeba, ikatembea. Kumbe kutembea hakuamuliwi na ubongo peke yake. Uzito nao unasema, na sakafu pia.

Jambo jingine nalipenda zaidi. Mtafiti mwingine wa Marekani, Carolyn Rovee-Collier, alifunga utepe kwenye kifundo cha mguu wa mtoto wa miezi miwili au mitatu, ncha ya pili kwenye vitu vinavyoning'inia juu ya kitanda. Dakika chache tu, mateke yakaongezeka. Nami hufanya hivyo kwa kipande laini cha kitenge na vijiko vya plastiki. Kwanza anarusha mguu ovyo, vijiko vinatikisika, ananyamaza, anakodoa macho. Kisha anarusha tena, safari hii kwa makusudi. Hayo makusudi hakuzaliwa nayo. Nimeyaona yakizaliwa mbele yangu. (Kaa naye muda wote, na ufungue kitambaa mkimaliza.)

Kwa hiyo mama, usimbebe mgongoni kutwa nzima. Mlaze mkekani macho yakiwa wazi, miguu wazi, bila soksi. Akisema "aguu", mjibu, kisha unyamaze umpe zamu yake. Kile kiti cha magurudumu cha kumfundisha kutembea usinunue, hakimharakishi na kinaangusha watoto. Wala usimlinganishe na wa jirani, maana kila mwili unapanga mambo yake kwa mwendo wake.

Ila mguu mmoja ukiwa haurushwi kama mwenzake, au mtoto wa miezi mitatu hafuati uso wako kwa macho, mwambie nesi kliniki bila kungoja siku ya kupima uzito.