Kwa nini "cambio" ina silabi mbili na "envío" tatu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa pili najifunza Kihispania. Nikisoma "cambio" au "estudio" nasahihishwa kila mara, lakini "envío" naambiwa niko sawa. Yote yanaishia na -io. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Unaitamka "cambio" kama "sikia", na karibu wanafunzi wangu wote waliolelewa kwa Kiswahili hufanya hivyo. Kwetu kila irabu ina silabi yake, si-ki-a, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana ulimi unatoa cam-BI-o. Mhispania husema CAM-bio. Hiyo i haisimami peke yake, inateleza kuingia kwenye o, kama "pya" ya neno "mpya".

Kanuni ni hii: i au u isiyo na mkazo, ikikutana na a, e au o, huungana nayo kuwa silabi moja. Mkazo ukiikalia, zinaachana, na alama lazima iandikwe: en-VÍ-o. Neno hilo limepita njia ya "sikia", basi halikusumbui.

Ugumu ni kwamba kitenzi chenyewe hakikuambii kitu. Cambiar (kubadilisha) na enviar (kutuma) zinafanana, cambiamos na enviamos vilevile. Tofauti hujitokeza mkazo unaporudi kwenye shina: cambio, cambias, cambia, cambian, lakini envío, envías, envía, envían. Kwa hiyo usiandike daftarini "enviar" peke yake, andika "enviar, envío". Pamoja nayo weka guiar, confiar, esquiar na variar. Estudiar, limpiar na copiar zinafuata cambiar. Nomino husaidia kiasi: guía inakupa guío, copia inakupa copio. Usiitegemee sana njia hii, maana kivumishi "vario" hakina alama, ilhali kitenzi ni varío.

Kwa upande wa u kuna maneno matatu ninayoyapenda mno: continuo (endelevu), continúo (naendelea), continuó (aliendelea). Ni kama barabára ya magari na barábara ya "sawasawa", ila wenzetu mkazo wanauandika. Yasome kwa sauti huku ukigonga meza kila silabi: con-TI-nuo, mara tatu, con-ti-NÚ-o, mara nne, con-ti-NUÓ, tatu tena, na pigo la mwisho ndilo zito.