Mpwa wangu, Cayman si Uingereza

Mpwa wangu, nimeusoma ujumbe wako mara tatu na umenichoma. Unasema wakala wa hapo Mombasa amekuambia Cayman, visiwa hivi vya Karibi ninakofanya kazi, ni mali ya Mfalme wa Uingereza, kwa hivyo mjomba wako yuko Uingereza tayari, na wewe ukishafika huku utavuka hadi London bila kuulizwa. Anataka laki tatu. Usimpe hata shilingi.

Ukweli alioushika ni nusu. Jamaica ilipojitawala mwaka 1962, watu wa Cayman waliamua kubaki chini ya Uingereza, na hadi leo Gavana huteuliwa kutoka London. Noti ninazolipwa nazo zina sura ya marehemu Malkia Elizabeth. Lakini kisiwa kina bunge lake, waziri mkuu wake na idara yake ya uhamiaji. Kibali changu cha kazi kinaishia hapa ufukweni. London hakinifungulii hata mlango wa choo.

Nilijua hivyo bibi yako alipofariki. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka huku hadi Nairobi. Ukipitia London, sisi wenye pasipoti ya Kenya tunadaiwa viza ya kupita tu, hata kama hutoki nje ya uwanja wa ndege. Ukipitia Miami, ni viza ya Marekani. Sikuwa nayo hii wala ile. Mlimlaza mochari siku 11 mkinisubiri. Kila jioni mama yako alipiga simu: "Umefikia wapi?" Siku ya 12 nikamwambia wamzike. Nilitazama mazishi kwenye simu nikiwa chumba cha kufulia cha hoteli, nimekalia rundo la taulo zenye mchanga na mafuta ya jua. Jeneza likiwa linashushwa, msimamizi akaniita, mashine imemaliza. Nikaenda nikatoa mashuka.

Najua huko Voi wapo wanaosema nilikataa kuja kwa uchu wa pesa. Sasa unajua, waambie.

Pesa ipo, siwezi kukuficha. Dola moja ya Cayman ni dola 1.20 za Marekani, na mshahara haukatwi kodi ya mapato. Lakini chakula karibu chote huja kwa meli, na kodi ya chumba huwa imekula nusu kabla sijamtumia mtu chochote.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kibali kimefungwa kwa mwajiri. Nikikosana naye leo, nimepoteza kazi na pa kukaa pamoja. Sheria niliyoikuta ilisema miaka 9, kisha uondoke kisiwani usipungue mwaka mmoja, ila kama uliomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 8. Na ukaazi huo ulikuwa na hesabu ya alama, ulihitaji 110: kazi yako, elimu, akiba, ardhi au nyumba unayomiliki, hata mtihani wa historia ya kisiwa. Mfua mashuka atanunua ardhi gani huku? Hata mtoto akizaliwa hapa, kuzaliwa peke yake hakumfanyi mwenyeji.

Kwa hiyo usije sasa. Kaa hapo, maliza uhasibu wako. Karo ya mtihani unaofuata nitalipa mimi, usimwombe mama yako. Ukishapata vyeti, basi njoo, maana kisiwa hiki kimejaa benki na kampuni za fedha, na mhasibu hapokelewi kama nilivyopokelewa mimi. Ila uje na kibali kilichotolewa kwa jina lako ukiwa bado nyumbani, na viza ya kupita uwe nayo mkononi. Na ukija, usikae miaka kama mimi bila kurudi.

Karatasi alizokuonyesha yule wakala zipige picha unitumie leo, kabla hujarudi kwake. Na muulize fundi mifuko ya saruji iliyobaki kununuliwa kwa kaburi la bibi ni mingapi. Ijumaa nalipwa.